Rangi ya gari imepauka: mkono, DA, rotari au kupuliza upya?

Kabla hujafikiria mashine, pitisha kidole kikavu juu ya boneti. Kikirudi na unga wa rangi ileile ya gari, hiyo ni rangi ya zamani ya koti moja, isiyo na klia, lile koti angavu lisilo na rangi, juu yake. Kilichopauka ni ngozi ya juu tu, na chini yake rangi bado iko hai. Kikirudi kisafi ilhali boneti imefubaa kama kioo kilichopumuliwa, gari lina klia, na klia hiyo imechubuliwa na maelfu ya mikwaruzo midogo. Ukucha ukinasa kwenye ukingo wa baka jeupe linalobanduka, klia imekufa, na hakuna fundi wala dawa itakayoirudisha kwa polishi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achukue rotari au DA, zile mashine mbili za kupigia polishi, humrudishia swali: rangi yako imebaki nene kiasi gani? Ukiwa na jibu la hilo, kuchagua mashine kunakuwa kazi ndogo. Usipokuwa nalo, mashine nzuri itakuharibia gari kwa haraka kuliko mbovu.

Unachokula ni klia

Kupiga polishi hakuongezi kitu juu ya gari, kunapunguza. Mkwaruzo ni kama mfereji uliochimbwa kwenye klia. Polishi haifukii mfereji, inashusha kingo zake mpaka zilingane na sakafu yake. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi ya kisasa, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na klia, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Klia peke yake huwa kama 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya printa ina karibu mikroni 100, kwa hiyo kinga yote uliyo nayo juu ya rangi haizidi nusu ya karatasi.

Na hata nusu hiyo si yako yote. Vizuizi vya miale mikali ya jua vimechanganywa ndani ya klia hiyohiyo, kwa hiyo ukiila kupita kiasi gari litang'aa sasa, kisha baadaye lianze kufanya mabaka na kubanduka. Duru nzima ya polishi laini huondoa kama mikroni moja au mbili. Kompaundi kali (dawa ya kusugua yenye ukali kuliko polishi) kwenye pedi ya sufu, ile inayofungwa kwenye mashine, huondoa zaidi, na msasa wa maji zaidi ya hapo. Ukipiga hesabu utaona kwa nini gari linalopigwa kompaundi kila mwaka kwa sababu ya sherehe huishia kupulizwa rangi mapema kuliko gari lililoachwa na mikwaruzo yake.

Kipo kidude cha kupima unene. Ukikigusisha kwenye chuma, na vile vilivyo bora hata kwenye aluminiamu, kinakupa jumla ya koti zote. Hakitengi klia na rangi, na vile vya kawaida havisomi bampa ya plastiki. Hata hivyo kinasema mengi. Paa likisoma 120 na boneti 85, kuna mtu alishapita kwenye boneti na kompaundi kabla yako. Mlango ukisoma zaidi ya 200, yamkini umepulizwa upya. Ukiruka hadi mia kadhaa au kupita elfu, chini yake kuna puti. Usidanganyike kwamba namba kubwa ni ruhusa ya kusugua. Kipande kilichopulizwa mara mbili kinaweza kuwa na rangi nene sana na klia nyembamba kama pumzi.

Huna kipimaji? Basi chukulia klia yako ni nyembamba na uanze na njia laini kuliko zote.

Mkono

Nianze na huu kwa sababu hauna mengi. Kwa mkono, sponji na kompaundi laini unaweza kuondoa alama ya kucha chini ya kitasa cha mlango, doa la kinyesi cha ndege ambalo halijazama sana, au mchubuko wa rangi ya gari jingine uliobaki kwenye bampa. Unaweza pia kufufua boneti moja ya rangi ya koti moja, kwa sababu rangi ile ni laini na inaachia unga wake bila kubembelezwa.

Lakini kung'arisha gari zima lenye klia kwa mkono ni adhabu. Klia za magari mengi ni ngumu, na mkono hauwezi kugandamiza kwa usawa: vidole vinne vinachora mistari minne. Utachoka kwenye fenda ya pili, na fenda ya kwanza itakuwa imeng'aa kwa mabaka. Kama kazi ni zaidi ya vipande viwili, tafuta mashine.

DA

DA ni mashine yenye mwendo pacha. Bamba lake linayumba kwenye kiduara kidogo, maelfu kadhaa ya mara kwa dakika, na wakati huohuo linajizungusha lenyewe polepole. Upana wa kile kiduara ndio unaoandikwa kwenye mashine: milimita 8, 15, 21. Kikiwa kipana, mashine inafunika eneo kubwa na kumaliza haraka kwenye paa na boneti; kikiwa chembamba, inafuata vizuri mikunjo ya bampa na nguzo za madirisha.

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna chembe ya dawa inayopita njia moja mara mbili. Joto linasambaa, na mikwaruzo inayoachwa na pedi yenyewe ni midogo mno na imeelekea kila upande, kwa hiyo jicho haliikamati. Jambo la pili ndilo lililonifanya niipende: ukikosea, inasimama. Ukigandamiza kupita kiasi au ukaiegemeza upande, bamba linaacha kuzunguka na kubaki likitetemeka tu. Halikati tena. Wengine huona hiyo ni kasoro. Kwa anayejifunza ni breki.

Tatizo ni kwamba inaweza kusimama bila wewe kujua, na ukatumia nusu saa kutetemesha boneti. Chora mstari mmoja wa kalamu nene kwenye ukingo wa bamba. Ukiuona unazunguka, kazi inaendelea. Ukiuona umetulia, punguza mkono au ilaze pedi vizuri.

Kwa mikwaruzo mizito DA huchukua muda kuliko rotari. Pedi ya maikrofaiba na kompaundi ya kati zitaipunguza tofauti hiyo sana, na leo kuna DA zenye gia ambazo bamba lake halisimami hata ukigandamiza. Hizo zinakata vizuri, ila zinatetemesha mikono na zinapandisha joto, na ile breki niliyoisifia haimo.

Rotari

Rotari inazunguka kwenye ekseli moja, basi. Kasi inayofaa kupolishia ni kama mizunguko 600 hadi 2,000 kwa dakika. Nguvu yote inaenda kwenye kukata, na mwenye mkono mzuri hufuta alama za msasa wa maji kwa dakika chache pale ambapo DA ingemchosha. Kwenye rangi nene ya koti moja iliyokufa kwa jua, pedi ya sufu na rotari ni raha kuitazama: unga unatoka, rangi inarudi nyuma ya mashine kama ukuta uliopigwa maji.

Sasa tazama upande wa pili. Pedi ya milimita 150 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 12 kwa sekunde, huku katikati yake pakiwa karibu pamesimama. Maana yake kazi yote na joto lote viko ukingoni, na ukiuinua mpini kidogo tu, unasugua kwa ukingo huo peke yake. Klia inalainika kwa joto, inajivuta, inaisha. Kwenye bampa za plastiki hali ni mbaya zaidi, kwani plastiki haipitishi joto kama chuma. Lote linabaki kwenye rangi.

Nilijifunza hili kwenye gari la shemeji yangu, jekundu, mstari ule wa katikati ya boneti unaoinuka kama uti wa mgongo. Kwenye kilele cha mstari rangi huwa nyembamba kuliko bondeni, maana ikiwa bado mbichi huteremka. Nilikuwa nimepita hapo mara tatu, nikaongeza ya nne kwa tamaa. Pedi ikabadilika kuwa nyekundu. Gari lenye klia likitoa rangi yake kwenye pedi, umeshafika mahali ambapo huwezi kurudi. Shemeji alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama huo uwekundu unafutika. Boneti ilipulizwa upya.

Hata asiyechoma rangi ana deni jingine kwa rotari: alama za mashine. Kivulini gari linaonekana kama kioo. Litoe juani na utaona mkanda wa mwanga unaotembea na wewe, wenye mawimbi ya mviringo, kana kwamba mtu amepitisha ufagio wa mafuta. Hiyo ni mikwaruzo ya pedi iliyolala upande mmoja. Dawa yake ni kumalizia kwa pedi laini na polishi laini, na kwa wengi wetu kumalizia kwa DA. Kwa maneno mengine, anayenunua rotari ili kuokoa muda mara nyingi anajikuta akihitaji DA vilevile.

Na nisisahau ndugu yake wa hatari: grinda ya kukatia vyuma iliyofungwa pedi. Grinda ndogo huzunguka mara 10,000 au zaidi kwa dakika. Haijalishi nani amekuambia anaiweza. Drili iliyofungwa sponji haina hatari kiasi hicho, lakini inafaa taa za mbele na vipande vidogo tu. Kuishika ikiwa imelala sawasawa juu ya mlango mzima hakuna mkono unaoweza.

Kupuliza upya

Hii ndiyo njia pekee kwa klia inayobanduka, kwa mkwaruzo uliofika kwenye praima, na kwa kipande kilichochomwa kama boneti ya shemeji. Kipimo rahisi cha mkwaruzo ni ukucha: ukiupitisha kwa kukata mstari na ukanasa, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini kuliko klia unayoweza kuitoa salama. Unaweza kuulainisha kingo zake usionekane sana, ila kuuondoa hapana.

Wapo wanaopiga gari maji, wakiona linang'aa likiwa limelowa wanasema polishi itatosha. Jaribio hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa maji hujaza mikwaruzo na kukuonyesha rangi itakavyokuwa. Lakini hata klia iliyokufa hujificha chini ya maji. Liache likauke, kisha kagua kingo za paa na boneti, mahali ambapo jua hupiga zaidi na kubanduka huanza.

Kupuliza kuna hasara zake: kulinganisha rangi, vumbi, na ukweli kwamba koti la kiwandani lililookwa kwa joto kali ni gumu kulipata tena gereji. Kwa hiyo kama klia ipo na haijabanduka, ipe polishi nafasi kwanza. Na si lazima kupuliza gari zima. Mara nyingi ni paa na boneti tu vilivyokufa, na milango bado inapolishika.

Pedi na dawa huamua zaidi ya mashine

DA yenye pedi ya maikrofaiba na kompaundi inaweza kukata kuliko rotari yenye sponji laini na polishi ya kumalizia. Watu hubishana kuhusu mashine kwa sababu ndiyo inayoonekana mezani.

Sufu inakata kuliko zote na huachia alama. Maikrofaiba inafuata, na ni ya DA. Sponji ngumu ni ya kati, sponji laini ni ya kumalizia. Usiziamini rangi za sponji: ya chungwa ya mtengenezaji mmoja ni ya kukata, ya mwingine ni ya kumalizia. Ibonyeze kwa kidole uone ugumu wake. Andaa pedi nne hadi sita kwa gari moja, maana pedi iliyojaa dawa na unga wa klia haikati tena, inapasha joto tu. Isugue kwa brashi kila unapomaliza eneo.

Kuhusu dawa, kuna zile ambazo punje zake husagika kadiri unavyosugua, zikianza kwa ukali na kumalizia kwa ulaini. Hizo ukiziacha njiani utabaki na ukungu. Nyingine punje zake ni ndogo tangu mwanzo na hazibadiliki; hizo unaweza kusimama wakati wowote. Soma chupa. Halafu kuna zenye mafuta na vijazio vinavyofunika mikwaruzo bila kuiondoa. Gari linaondoka likiwaka, na baada ya kuoshwa mara chache mikwaruzo yote imerudi nyumbani. Ili kujua ukweli, futa eneo ulilomaliza kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha lipige tochi. Kinachobaki ndicho ulichofanya kweli.

Hatua moja au mbili? Kwa gari la kila siku mimi huchagua hatua moja: pedi ya kati, polishi ya kati, DA, na siku moja ya kazi. Nusu au zaidi ya mikwaruzo inaondoka, gari linabadilika machoni, na klia nyingi inabaki. Hatua mbili, yaani kukata kisha kumalizia, zinaweza kula siku mbili na zinafaa rangi nyeusi au gari linaloandaliwa kwa maonyesho. Rangi nyeupe na ya fedha hazionyeshi tofauti inayolingana na jasho lenyewe.

Ningechagua nini

Gari la zamani la koti moja, limepauka lote na linatoa unga: DA na pedi ya maikrofaiba kama huna uzoefu, rotari na sufu kama unao. Pedi itabadilika rangi, na hapa hilo ni jambo la kawaida. Simama tu ukianza kuona rangi ya praima ikichungulia.

Gari lenye klia na mikwaruzo ya utando wa buibui iliyotokana na kuoshwa kwa vitambaa vichafu: DA bila mjadala. Milimita 15 ndiyo itakayokutumikia kote, ukiongeza bamba dogo la milimita 75 kwa nguzo na vioo vya pembeni.

Klia iliyopigwa msasa wa maji baada ya kupulizwa, alama zikiwa zimejaa: rotari kwa kukata, DA kwa kumalizia, na mtu aliyekwishafanya hivyo kwenye boneti ya jalalani kwanza. Boneti ya jalalani si mzaha. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia rotari, na ukiichoma makusudi utaijua harufu na hisia za klia inayokaribia kuisha.

Gari ambalo klia yake hujui historia yake: DA, sponji laini, polishi ya kumalizia, uone kwanza inafika wapi.

Uchague lolote, maandalizi ni yaleyale na hayarukwi. Osha gari. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase rangi. Ukihisi punje kama mchanga, pitisha udongo wa kusafishia rangi kwa maji ya sabuni mpaka iwe nyororo, vinginevyo punje hizo zitaingia kwenye pedi na kukuchorea gari zima. Ziba kwa tepu kingo za vipande, mistari inayoinuka, mpira wa madirisha na plastiki nyeusi, ambazo dawa ikizikaukia huacha weupe sugu. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40, matone matatu au manne ya dawa, pita polepole mara nne hadi sita kwa kukatisha, futa, kagua kwa tochi. Kama mchanganyiko laini umetosha kwenye eneo hilo la majaribio, usipande kwenye mkali. Rotari ukiitumia, kila baada ya muda weka kiganja juu ya bodi: uvuguvugu ni sawa, lakini kiganja kikikataa kukaa, ondoka hapo. Waya wa mashine upitishe begani, na vaa miwani.

Kinga ya mwisho ifuate muda wako. Nta ya karnauba hung'aa vizuri na hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Silanti, yaani kinga ya kemikali isiyo nta ya asili, hudumu zaidi. Koti la seramiki linaweza kupita mwaka, lakini linafungia chini yake chochote ulichoacha, alama za rotari zikiwemo, kwa hiyo lisipakwe kabla gari halijatoka juani kukaguliwa. Ukimaliza, pima unene tena kwenye sehemu zilezile ulizopima mwanzo, andika namba na tarehe, na uzihifadhi pamoja na karatasi za gari. Atakayeshika mashine baada yako ataanza na swali lile la kwanza, na jibu litakuwa kwenye droo.